Kiti Kisicho na Sheria ya Kuondokea

Kati ya mwaka 2016 na 2021, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii wa Tanzania, NSSF, ulipata wakurugenzi wakuu wapya watatu, mmoja baada ya mwingine. Kabla yao alikuwapo mmoja, Dk. Ramadhani Dau, aliyekalia kiti hicho kwa takriban miaka 15 na kukutana na awamu tatu za urais. Wote waliingia kwa kanuni moja: Mkurugenzi Mkuu huteuliwa na Rais. Kanuni ilibaki palepale. Kilichobadilika ni muda wa kukaa, kutoka muongo na nusu hadi miaka miwili au mitatu. Anayetaka kuielewa historia ya uongozi wa mifuko ya pensheni Afrika Mashariki aanzie hapo, kwa sababu jambo hilo linaonyesha kwamba swali tulilozoea kulibishania, nani amteue mkuu wa mfuko, halitoshi kueleza yaliyotupata. Kanuni iliyozaa ukaaji mrefu kuliko wa marais wenyewe ndiyo iliyozaa pia ukaaji mfupi usiotosha hata kumaliza jengo moja. Ninashikilia kwamba sheria zetu ziliandikwa kwa ajili ya siku ya kuingia kazini, zikanyamaza kuhusu siku ya kutoka, na kwamba matatizo mengi tunayoyabebesha uteuzi yamezaliwa na ukimya huo. Ukimya wenyewe haukuja kwa bahati mbaya. Una chimbuko lake, na chimbuko hilo ni la zamani kuliko mifuko yenyewe.

Wakati wa mkoloni, pensheni ilikuwa ya mtumishi wa Serikali, na wa ngazi maalumu tu. Ililipwa kutoka Hazina, mtumishi hakuchangia kitu, na sheria za pensheni za makoloni ya Uingereza zilieleza waziwazi kwamba malipo hayo si haki ya mtumishi. Serikali hutoa ikiona inafaa. Waliokuwa nje ya daraja hilo waliwekewa mifuko ya akiba: Tanganyika ilikuwa na mmoja kwa watumishi wa Serikali wasio na pensheni, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1942, na mwingine wa watumishi wa serikali za mitaa, wa mwaka 1944. Hakuna aliyeuliza mkuu wa mifuko hiyo apatikane vipi. Fedha zilikaa serikalini, ofisa wa Serikali akazitunza, naye alipandishwa cheo au kuhamishwa kama ofisa mwingine yeyote. Kwa fedha iliyohesabiwa kuwa hisani ya Serikali, utaratibu huo ulikuwa na mantiki yake. Mwenye mali ndiye aliyemchagua mtunzaji.

Mantiki hiyo ilivunjika mwaka 1964, ingawa wachache waliliona hilo. Mwaka huo Tanganyika ilitunga sheria ya mfuko wa akiba wa wafanyakazi, NPF kama ulivyojulikana hadi miaka ya 1990. Kenya ikafuata mwaka 1965 kwa sheria ya NSSF yake, na Uganda ikatunga Sheria ya Hifadhi ya Jamii mwaka 1967. Nchi hizi tatu zilichukua mfumo uliokwisha kujaribiwa katika himaya ya Uingereza, Malaya mwaka 1951, India 1952, Singapore 1955, ambamo mwajiri na mwajiriwa kila mmoja huweka sehemu ya mshahara, na mfanyakazi huchukua jumla yake pamoja na riba akizeeka. Katika mfumo huo fedha haitoki Hazina. Inakatwa kwenye mshahara wa mpakuzi wa bandarini, wa mfanyakazi wa shamba la mkonge, wa karani wa benki, na kila shilingi ina jina la mtu. Mwenye mali amebadilika, lakini mtunzaji akabaki yuleyule. Katika nchi zote tatu mfuko uliwekwa ndani ya Wizara ya Kazi kama idara, na mkuu wake akawa mtumishi wa Serikali aliyepangiwa kituo cha kazi.

Kwa Tanganyika kuna jambo jingine la mwaka huohuo linaloeleza kwa nini hakuna aliyeinua sauti. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilivunjwa na mahali pake kikawekwa chama kimoja kwa sheria, NUTA. Katibu Mkuu wa NUTA aliteuliwa na Rais, na wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Tuutazame mzunguko huo kwa makini. Mfuko wa wafanyakazi ulikuwa chini ya Wizara ya Kazi. Waziri wa wizara hiyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa wafanyakazi. Naye aliteuliwa na Rais. Hata kama sheria ya mfuko ingesema kwamba wafanyakazi wamteue mkuu wa mfuko wao, jina lingetoka ofisi ileile. Wapo wanaosema kwamba viongozi wa wakati ule walikuwa na nia njema na kwamba taifa changa lilihitaji umoja. Nia yao siibishii. Ninachosema ni kwamba kanuni iliyotungwa katika mazingira ya umoja wa lazima ilirithiwa na nyakati ambazo umoja huo haukuwapo tena. JUWATA, iliyochukua nafasi ya NUTA, ilikuja na kuondoka, OTTU ikazaliwa mwaka 1991, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vyama vilivyojitenga na Serikali vikaunda TUCTA. Chama cha wafanyakazi kikapata viongozi wanaochaguliwa na wafanyakazi. Mfuko wa wafanyakazi haukupata jambo la namna hiyo.

Hatua ya kuitoa mifuko wizarani ilichukuliwa kwa nyakati tofauti. Tanzania ilirekebisha sheria ya NPF mwaka 1975 na kuufanya mfuko kuwa shirika la umma. Uganda ilitunga sheria mpya mwaka 1985 na kuupa mfuko utu wa kisheria. Kenya ilirekebisha ya kwake mwaka 1987, mfuko ukawa shirika lenye bodi ya wadhamini ambamo vyama vya wafanyakazi na waajiri vilipewa viti. Katika vitabu vya utawala mabadiliko haya huelezwa kama ukombozi wa mifuko. Yalikuwa ukombozi wa nusu. Idara ya wizara, kwa udhaifu wake wote, ilikuwa na kanuni za utumishi wa umma: ofisa hakufukuzwa bila mashitaka ya nidhamu, na alikuwa na mahali pa kukata rufaa. Mkurugenzi wa shirika la umma alitoka katika kinga hiyo bila kupewa nyingine. Alipewa mamlaka makubwa zaidi, ya kununua ardhi, kujenga maghorofa na kukopesha, na wakati huohuo akawa mtu anayeweza kuondolewa kwa tangazo la redio la saa mbili usiku. Nguvu ziliongezeka, ulinzi ukapungua, na yote mawili yakawekwa mkononi mwa aliyemteua.

Gharama ya mpangilio huo ilianza kuonekana miaka ya 1980, kimyakimya. Fedha za NPF, kama za mifuko mingi ya aina yake, ziliwekezwa kwa wingi katika dhamana za Serikali zenye riba ndogo, huku mfumuko wa bei Tanzania ukipita asilimia 30 kwa mwaka katikati ya muongo huo. Bandu bandu huisha gogo: mtu aliyekatwa mshahara tangu 1965 alifika miaka 55 akakuta akiba yake imekuwa nauli na vitambaa vya sare. Sidai kwamba mkurugenzi jasiri angeuzuia mfumuko wa bei. Lakini mtu wa kusimama mbele ya Hazina na kusema kwamba fedha za wafanyakazi zinakopwa kwa bei ya kuwafukarisha alipaswa kuwa mkuu wa mfuko, na mkuu huyo alikuwa amewekwa, na angeweza kuondolewa, na Serikali iliyokuwa ikikopa.

Mwaka 1997 NPF ikageuzwa kuwa NSSF kwa sheria mpya. Ilikuwa nafasi adhimu ya kuandika upya kila kitu, na mengi yaliandikwa upya kweli: mafao yakawa pensheni ya kila mwezi badala ya mkupuo mmoja, uzazi na kuumia kazini vikaingizwa, hesabu za takwimu-bima zikawa sehemu ya kazi. Kuhusu kiti cha mkuu, kanuni ya Rais kuteua ikaendelea. Chini ya sheria hiyo ndipo ulipotokea ukaaji mrefu niliotangulia kuutaja, na lazima niwe mwadilifu kwa kipindi hicho. Miaka ile NSSF ilikua kutoka ofisi ya foleni na mafaili yaliyopotea hadi taasisi iliyoweza kugharimia asilimia 60 ya Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016. Anayetafuta ushahidi kwamba uteuzi wa Rais unaweza kumleta mtu wa kujenga ataupata hapo. Lakini ajiulize pia kwa nini mtu huyo aliweza kukaa muda wa kutosha kujenga. Kanuni haikumhakikishia hata mwaka mmoja. Alikaa kwa sababu marais waliofuatana waliona akae. Ilipofika awamu iliyoona vinginevyo, mwaka 2016, aliteuliwa kuwa balozi Malaysia, na mfuko ukaanza mwendo wa kubadilisha wakuu ambao wanachama waliusoma magazetini kama watu wengine.

Kipindi hicho cha ukaaji mrefu kina upande wa pili usiopaswa kupitwa haraka. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza mwaka 2007, sehemu kubwa ya majengo yake ilijengwa kwa fedha za mifuko ya pensheni, kwa makubaliano kwamba Serikali ingerejesha fedha hizo. Chuo ni kitu chema, na watoto wa wanachama wamesoma pale. Hata hivyo ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilirudia mwaka baada ya mwaka kwamba urejeshaji haukwenda kama ulivyokubaliwa. Mfuko mwingine, PSPF wa watumishi wa umma, uliobeba wajibu wa kuwalipa watu pensheni kwa miaka ya kabla ya 1999 ambayo hawakuwa wakichangia, ulidai Serikali fedha za wajibu huo hadi ukakaribia kushindwa kulipa wastaafu. Deni hilo lilirithiwa na PSSSF, mfuko uliotokana na kuunganishwa kwa PSPF, PPF, LAPF na GEPF mwaka 2018, na Desemba 2021 Serikali ikatoa hatifungani maalumu isiyo taslimu ya zaidi ya shilingi trilioni 2.1 kulipunguza. Ilikuwa hatua ya haki, na waliohusika wanastahili sifa. Lakini muda uliopita kati ya kuundwa kwa PSPF mwaka 1999 na hatifungani hiyo ni zaidi ya miaka 20, na katika miaka yote hiyo waliotakiwa kuidai Serikali ni watu ambao mkate wao wa kesho ulitegemea utashi wa mdaiwa. Mkurugenzi anayejua kwamba uteuzi wake unaweza kutenguliwa bila sababu kutajwa huandika barua ya kudai kwa lugha ya unyenyekevu, na barua ya pili huichelewesha. Hilo halitokani na woga wa mtu mmoja mmoja. Mpangilio wenyewe humfundisha kila anayekalia kiti, hodari na asiye hodari, mpaka wake uko wapi.

Sheria ya 2018 iliyounda PSSSF ilikuwa nafasi ya pili, nayo ilipita vilevile. Mijadala ya mwaka ule ilimezwa na kuunganisha mifuko na baadaye na kikotoo kilichopunguza mkupuo wa mstaafu hadi asilimia 25. Ghadhabu ya wafanyakazi ilipopanda, Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vyao mwisho wa Desemba 2018 na kuagiza vikotoo vya zamani viendelee hadi 2023. Siku zilezile uteuzi wa mkuu wa mamlaka ya kusimamia sekta, SSRA, ukatenguliwa. Wafanyakazi wengi walishangilia yote mawili, na ninaelewa kwa nini. Lakini kanuni za kikotoo hazikuwa kazi ya ofisi moja. Zilipita serikalini kwa ngazi zake. Aliyeondoka ni yule ambaye kuondoka kwake hakukuhitaji maelezo. Mtu akiweza kuondolewa namna hiyo tunapofurahi, anaweza kuondolewa namna hiyohiyo siku atakapokataa jambo ambalo sisi pia tungetaka likataliwe.

Uganda inatupa ushahidi wa aina nyingine, kwa sababu kanuni yake inafanana zaidi na ile ambayo wapenda mageuzi wa Tanzania huitamani. Sheria ya 1985 haikumpa Rais uteuzi. Ilisema mkurugenzi mtendaji wa NSSF ya Uganda na naibu wake watateuliwa na Waziri kwa mapendekezo ya bodi. Ukiisoma kwa haraka unaona mizani nzuri: bodi inachuja, mwanasiasa anathibitisha. Historia iliyofuata ilionyesha kwamba mizani hiyo ilining'inia hewani. Kwanza, sheria ilisema Waziri, lakini waziri gani? Kwa karibu miaka 20 alikuwa wa wizara ya kazi. Mradi wa nyumba wa Nsimbe ulipozua kashfa mwanzoni mwa miaka ya 2000, mfuko ukahamishiwa Wizara ya Fedha mwaka 2004, kana kwamba ugonjwa ulikuwa kwenye jina la wizara. Miaka minne baadaye, chini ya wizara mpya, ikazuka kashfa ya ardhi ya Temangalo: mfuko ulinunua ardhi iliyohusisha waziri mwandamizi aliyekuwa madarakani, kwa shilingi za Uganda zipatazo bilioni 11, Bunge likachunguza, na mkurugenzi mtendaji David Chandi Jamwa akapoteza kazi. Mwaka 2011 mahakama ya ufisadi ilimtia hatiani, si kwa ardhi hiyo, bali kwa hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 3 iliyotokana na kuuza hatifungani kabla hazijaiva, akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Kuhama wizara hakukuwa kumegusa jambo lolote la msingi. Mkuu wa mfuko aliendelea kuwa mtu anayetazama juu kwa mmoja na kusubiri.

Kisha ikaja miaka ya utulivu. Tangu 2010 jina lililotambulika zaidi katika kiti hicho lilikuwa Richard Byarugaba, na mfuko ulikua kutoka chini ya shilingi trilioni 3 za Uganda hadi zaidi ya trilioni 17 kufikia katikati ya 2022. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Rais Yoweri Museveni alitia saini marekebisho ya sheria yaliyosubiriwa kwa muda mrefu. Yalimruhusu mwanachama mwenye miaka 45 na michango ya miaka 10 kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake, yakamtaka kila mwajiri achangie hata akiwa na mwajiriwa mmoja, na yakagawa usimamizi: masuala ya kijamii yakaenda Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, uwekezaji ukabaki na Fedha. Wananchi walishughulika na ile asilimia 20, na walikuwa na haki. Fedha ni zao. Hakuna aliyeuliza kwa sauti ya kutosha nini kingetokea mkataba wa mkurugenzi ukiisha huku mfuko ukiwa na mabwana wawili.

Jibu lilipatikana Novemba mwaka huohuo. Bodi ilipendekeza mkurugenzi aongezewe kipindi. Waziri hakukubali, akitaja tuhuma zilizohitaji uchunguzi. Umri wa miaka 60 wa mkurugenzi nao ukawa sehemu ya ubishi. Naibu wake, Patrick Ayota, akakaimu. Bunge likaunda kamati teule mwanzoni mwa 2023, mkaguzi mkuu wa serikali akaingia, vikao vikaoneshwa kwenye runinga, na waziri, bodi na menejimenti wakatuhumiana mbele ya watu ambao fedha zao ndizo zilizokuwa zikijadiliwa. Ayota alithibitishwa Agosti 2023. Kwa takriban miezi minane mfuko mkubwa kuliko yote Uganda uliongozwa na kaimu. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki katika ugomvi ule. Jambo la kihistoria ni kwamba kifungu cha 1985 hakikusema Waziri akikataa pendekezo afanye nini, atoe sababu kwa nani, ndani ya siku ngapi, na kaimu akae hadi lini. Kwa miaka 37 pengo hilo halikuonekana kwa sababu halikuwa limekanyagwa. Kaimu, kwa hali yake, ni mtumishi dhaifu kuliko wote: anafanya kazi ya mkuu huku akifanyiwa usaili kila siku na yule atakayemthibitisha.

Kwa hiyo anayedai kwamba dawa ya Tanzania ni kumnyang'anya Rais uteuzi na kuupa bodi na waziri, aitazame Kampala kabla hajaandika muswada. Mimi mwenyewe sioni ubaya mkubwa Rais kuteua. Amechaguliwa na watu, anajulikana alipo, na akimweka mtu asiyefaa lawama haipotei njiani. Bodi inaweza kuwa na maslahi yake. Nchini Kenya, mradi wa miundombinu wa Tassia wa zaidi ya shilingi bilioni 5 za Kenya ulipoibuka, wawakilishi wa wafanyakazi na wa waajiri waliokuwa ndani ya bodi walilalamika hadharani kwamba umepitishwa bila ridhaa yao. Baadhi husoma tukio hilo kama ushahidi kwamba viti vya wafanyakazi bodini ni pambo. Nalisoma kinyume. Habari ilitoka kwa sababu viti hivyo vilikaliwa na watu ambao hawakuteuliwa na aliyemteua mkuu wa mfuko, na ambao asiyependezwa na maneno yao asingeweza kuwaondoa kwa kalamu. Wao walikuwa na kinga ya kusema. Mkuu wa mfuko, mwenye taarifa nyingi kuliko wao wote, hana.

Kuna pingamizi zito zaidi, na nimelisikia kwa watu makini. Wanasema: ukimlinda mkuu wa mfuko asiondolewe kirahisi, umemlinda mwizi. Fedha za mifuko ni nyingi, na jambo likiharibika lazima mkono wa Serikali uwe mwepesi. Wanatoa mfano wa Januari 2008, Rais Jakaya Kikwete alipotengua uteuzi wa Gavana wa Benki Kuu kufuatia kashfa ya akaunti ya madeni ya nje, EPA. Mfano ni mzuri, na unaunga mkono ninachokisema. Gavana huwekwa kwa kipindi kinachojulikana, na uamuzi ule ulitanguliwa na ukaguzi wa kampuni ya nje uliotaja malipo yasiyo halali ya zaidi ya shilingi bilioni 130. Umma ulielezwa sababu. Kuwapo kwa sababu hakukuzuia kuondolewa, kulikupa uzito. Jamwa naye, kule Uganda, hakuokolewa na kifungu chochote. Mahakama ilipata ushahidi na kuhukumu. Mwizi huondolewa kwa ushahidi, na ushahidi hukusanywa upesi panapokuwa na nia. Anayehitaji kuondolewa bila ushahidi wowote ni mtu wa aina nyingine: yule aliyekataa kununua kiwanja, aliyeandika barua ya kudai mara ya tatu, au ambaye zamu yake imeisha katika hesabu za siasa.

Wapo pia wasiotegemea chochote kutoka kwenye karatasi. Wanakumbusha hadithi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 144, inamlinda ofisa huyo kwa ukuta mrefu kuliko wowote ambao mkuu wa mfuko anaweza kuuota, na bado Profesa Mussa Assad aliondoka Novemba 2019 kwa maelezo kwamba kipindi chake cha miaka mitano kimekwisha. Ukuta ulifaa nini? Ulifaa kitu kimoja ambacho hakipaswi kudharauliwa. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kuondolewa kule kulikiuka Katiba, na kwamba kifungu cha sheria kilichotumika kilipingana nayo. Uamuzi ulichelewa kumsaidia mhusika, lakini ulipatikana kwa sababu kulikuwa na maandishi ya kupimia. Mwanachama wa NSSF aliyeona wakuu watatu wakipishana ndani ya miaka mitano hana cha kupeleka mahakamani. Hakuna kilichokiukwa, kwa maana hakuna kilichoandikwa.

Kinachohitajika kuandikwa si kirefu, na hakiyagusi madaraka ya Rais ya kuteua. Kipindi cha mkuu wa mfuko kitajwe katika sheria yenyewe badala ya mkataba wa siri, na kizidi mzunguko mmoja wa uchaguzi, ili kuingia na kutoka kwake kusifungwe kwenye kalenda ya siasa. Kuondolewa kabla ya muda kuwe kwa sababu zilizoorodheshwa, na barua yenye sababu hizo ipelekwe kwa bodi na kuwasilishwa bungeni ndani ya siku zilizotajwa. Kukaimu kuwe na mwisho. Pendekezo likikataliwa, anayekataa aseme kwa maandishi. Wapo watakaosema haya ni mengi kwa nafasi moja ya utumishi, na kwamba mashirika mengine ya umma nayo yatadai hivyo. Nafasi hii haifanani na nyingine. Shirika la umma la kawaida linatumia mtaji wa Serikali, na Serikali ina haki ya kumbadilisha meneja wa mali yake. Mfuko wa pensheni unashika mali ya watu wengine, wengi wao wasioweza kuitoa hata wakikosa imani, na mkopaji wake mkubwa ni yuleyule anayeteua.

Vinavyoweza kulibeba jambo hili hadi mwisho ni vyama vya wafanyakazi, na vimeshaonyesha kwamba vinaweza. Kikotoo kilichokuwa asilimia 25 mwaka 2018 kilifikishwa asilimia 33 mwaka 2022, kisha bajeti ya 2024 ikakipandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata asilimia 50 zamani, na hatua zote hizo zilitokana na mazungumzo marefu ya mezani kati yao na Serikali. Kila mara waliingia na hesabu za mkupuo na za pensheni ya mwezi, wakatoka na asilimia. Kifungu cha mkuu wa mfuko hakikuwa mezani hata mara moja katika matangazo yaliyotolewa baada ya vikao hivyo, ingawa yule anayekalia kiti hicho ndiye anayetakiwa kuhakikisha kwamba asilimia zilizokubaliwa zitakuwa na fedha nyuma yake mfanyakazi wa leo atakapostaafu.